Amri Isiyo na Mhuri

Ushirika wa Umeme wa Jua Igombya,
Ofisi ya Katibu,
Igombya, ng'ambo ya Busisi.
3 Machi 2025

Kumb. Na. UUJI/KAT/2025/07

Mhandisi Rebeka Shigela,
Buhongwa, Mwanza.

Mpwa wangu mpendwa na Mhandisi mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUREJESHWA KWA KITUO CHA IGOMBYA KATIKA GRIDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Madhumuni ya barua hii ni kuomba msaada wako wa kitaalamu, wewe uliye mhandisi wa gridi, ili kituo chetu kiunganishwe tena na waya za gridi ya taifa. Hata hivyo natanguliza salamu, kwa kuwa undugu wetu umeitangulia ofisi.

Sisi huku tu wazima. Mama Ngosha anasumbuliwa na goti la kushoto, lakini bado anafika gulioni kabla ya wenzake na kurudi akiwasema waliochelewa. Mwanangu Ngosha amepata mtoto wa pili, wa kike, mwenye sauti ya kutosha. Mahindi yamefika kiunoni. Mfikishie dada yangu, mama yako, taarifa kwamba ile mbegu ya viazi aliyonipa imekubali udongo wa huku.

Sasa narejea kwenye madhumuni. Mengi unayajua, lakini nayaandika kwa ajili ya kumbukumbu. Mwaka 2017 kaya mia mbili na kumi na mbili za kijiji hiki zilijenga kituo cha umeme wa jua. Kila ukoo ulitoa ng'ombe, na waliokosa ng'ombe walitoa mikono. Kwa miaka saba taa za Igombya zilionekana kutoka ziwani, na wavuvi walizitumia kujua walipo. Nguzo za gridi zilipotufikia mwaka jana, tulishauriwa kuuza paneli zetu. Tulikataa. Tuliomba tuunganishwe: mchana tuipe gridi ziada ya jua letu, na usiku gridi itujazie upungufu wetu. Tulikubaliwa kwa majaribio ya miezi sita kuanzia tarehe 4 Novemba.

Naandika bila majivuno, ila kwa fahari ya haki. Umeme wa gridi unapofika Igombya umesafiri mbali, na umechoka kama ng'ombe anayetoka mnadani. Kabla ya kuunganishwa, mashine ya kusaga iliyofungwa kwenye waya za gridi ilikuwa inaguna tu saa saba mchana. Tulipounganishwa, volti zilisimama wima. Hata vijiji viwili vya jirani, visivyo na paneli hata moja, vilishangaa kuona pasi zao zinapata moto. Nani aliwashika mkono? Ni Igombya.

Muungano huo ulisitishwa kufuatia jambo la tarehe 11 Februari, ambapo swichi kuu ya kituo haikuzimwa kwa wakati na fundi mmoja wa laini akapata majeraha. Kamati ilikaa tarehe 13, nami nikaandika muhtasari, ambao nakala yake imo humu. Ilibainika kwamba mwendesha mtambo, Bi. Bernadeta Mayala, hakuwepo kituoni. Amesimamishwa kazi. Naona basi kwamba jambo hilo limekwisha kushughulikiwa.

Nategemea jibu lako.

Wako katika undugu na utumishi,
Machibya Luhende,
Katibu.

*

Buhongwa,
21 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia juzi. Kondakta wa basi alipanda nayo kivuko, akaivua pamoja na koti lake, akaikumbuka siku ya tisa. Anaomba radhi, na anasema uandike jina lake kwa heshima utakapomshtaki.

Mama anakusalimu na anafurahia viazi. Princess yuko darasa la tatu sasa na anasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye viroba. Aliichukua bahasha yako akasoma mpaka penye Kumb. Na., akaniuliza, "Mama, kwani babu amekuwa serikali?" Nikamwambia hapana, serikali bado inajifunza kwake. Pole kwa goti la Mama Ngosha. Nimemtumia dawa ya kuchua.

Mjomba, muhtasari wenu nimeusoma mara tatu. Ni mzuri. Una ajenda, una yatokanayo, una waliohudhuria na wasiohudhuria kwa taarifa. Hauna jina la fundi aliyeumia. Anaitwa Nkwabi, ana miaka thelathini na minne, anaishi Buzuruga na mke na watoto wawili.

Kuna jina lingine halimo. Siku ile, saa nne na dakika kumi asubuhi, chumba chetu cha mawasiliano kilipiga simu kituoni kwenu kuomba swichi kuu izimwe. Simu ilipokelewa.

Nani aliipokea?

Mwanao,
Rebeka

*

Ushirika wa Umeme wa Jua Igombya,
14 Aprili 2025

Kumb. Na. UUJI/KAT/2025/11

Mpwa wangu Mhandisi,

YAH: UFAFANUZI KUHUSU MASUALA YALIYOULIZWA

Rejea barua yako ya tarehe 21 Machi, isiyo na kumbukumbu namba.

Tunaendelea vizuri. Dawa ya goti imefika na inanuka, jambo ambalo Mama Ngosha analihesabu kuwa ndiyo nguvu yake. Mtoto wa Ngosha amepewa jina la marehemu mama yetu. Mvua ya wiki iliyopita iling'oa mabati matatu ya kanisa, lakini paneli zetu zote mia mbili na arobaini zilibaki mahali pake, kwa kuwa vyuma vyake tulivifunga wenyewe na kila mmoja alijua ni ng'ombe wa nani amesimama pale juu.

Kuhusu simu: simu ilipokelewa na ofisi.

Kuhusu utaratibu, nadhani unakubaliana nami kwamba kituo cha watu mia mbili na kumi na mbili hakiwezi kuzimwa kwa kila sauti inayopita kwenye simu. Mtu yeyote anaweza kupiga na kusema, "Zimeni." Maandishi yana mwenyewe. Wewe ni shahidi wa jambo hilo. Ulipofukuzwa kidato cha pili kwa kukosa sare, sikwenda kupiga kelele shuleni. Niliandika kurasa mbili, nikaweka aya na vifungu, na mkuu wa shule akakurudisha darasani siku iyo hiyo. Mimi niliyeishia darasa la nne nilijifunza lugha hiyo kwa kunakili matangazo ya serikali yaliyobandikwa ofisi ya kata, neno kwa neno, mpaka yakawa yangu.

Bi. Bernadeta Mayala alifika hapa Jumatano kuulizia nakala ya ruhusa yake ya tarehe 11 Februari, ya kwenda kliniki Sengerema. Alikataa kiti. Alisema, "Katibu, ruhusa yangu uliisaini wewe, kwa kalamu yako ya bluu." Nakala hiyo bado inatafutwa.

Nami nina swali. Barua yako imeandikwa kwenye karatasi ya daftari, haina nembo wala cheo. Je, katika shauri hili wewe unahusika vipi? Hukusema kama utatuunga mkono. Kijiji kinauliza, na mimi sina la kujibu ila kwamba mpwa wangu ni mhandisi, jambo ambalo wanalijua tayari kwa sababu nimewaambia mara nyingi.

Wako,
Machibya Luhende,
Katibu.

*

Buhongwa,
16 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa kungoja miezi miwili. Safari hii kondakta hana kosa. Niliandika barua tatu nikazichana. Mama aliona karatasi jalalani akasema, "Mnaandikiana nini na kaka yangu mpaka mnachana? Si umpigie?" Nikamwambia haya ya sasa hayafai kwa simu. Ana afya njema. Princess ameshika nafasi ya nne, na anadai wa tatu alimchungulia.

Mjomba, tangu lini wewe ukapoteza nakala?

Ngoja nikueleze kilichotokea siku ile, maana muhtasari wenu hausemi. Nguzo ya karibu na shule yenu ilikuwa imeinama. Saa nne na dakika tano tulikata umeme wa gridi ili inyooshwe. Unajua kituo chenu kinavyofanya gridi ikikatika: kinajizima chenyewe, kisha baada ya dakika kumi kinajiwasha ili kihudumie kijiji peke yake. Ndiyo maana mafundi wakiwa juu ya waya za kijiji ni lazima mtu aende kwa miguu yake, aizime swichi kuu kwa mkono wake. Tulipiga simu saa nne na dakika kumi. Tulipokataliwa, tulimtafuta Nkwabi ili angoje. Simu yake haikupatikana kule bondeni. Yeye alipima waya, akaukuta umekufa, akapanda. Alipaswa kusubiri neno letu, na mwenyewe anakiri. Saa nne na dakika kumi na tano jua lenu likaamka.

Alibaki ananing'inia kwenye mkanda wake. Amepoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Chumba chetu cha mawasiliano kinaandika kila simu kwenye kitabu, maneno kama yalivyosemwa. Nilipelekewa ukurasa huo mwezi Februari, kabla hujaniandikia. Umeandikwa hivi: "Amri ya mdomo haina mhuri. Leteni maandishi." Kisha: "Amekata simu."

Kwanza nilicheka, Mjomba. Ilinitoka tu. Halafu nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Katika kanda yote hii ya ziwa, ni mtu mmoja tu anayejibu simu namna hiyo, na ndiye aliyenirudisha darasani.

Sikuliandika jina lako popote. Nilikuwa nangoja uliandike wewe. Majaribio yenu yalikwisha mwezi Mei. Yameongezwa mpaka tarehe 30 Septemba ili shauri limalizike. Lisipomalizika, vifaa vya kuunganisha vitang'olewa vipelekwe kijiji kingine kinachovisubiri, nanyi mtabaki na jua lenu peke yake, na majirani na gridi iliyochoka. Hilo halinitishi kama lingine. Bernadeta ni mwanamke mliyemsomesha nyinyi wenyewe, na leo anauza maandazi akiitwa mzembe.

Umeniuliza ninahusika vipi. Nitakujibu. Tangulia wewe, mkubwa wangu.

Mwanao,
Rebeka

*

Igombya,
7 Julai 2025

Mpwa wangu Rebeka,

Barua hii haina kumbukumbu namba. Nyumbani hatujambo, goti lina nafuu, mahindi yamevunwa. Sitaongeza salamu, kwa kuwa salamu zikizidi zitakuwa maficho.

Simu niliipokea mimi.

Bernadeta nilimpa ruhusa mimi, kwa maandishi, na siku hiyo nilibaki kituoni kwa niaba yake. Nilifundishwa namna ya kuizima swichi. Iko hatua kumi na mbili kutoka mezani pangu, nimezihesabu baadaye. Aliyepiga alisema kwa haraka, bila kujitambulisha cheo, nami nikaona nimedharauliwa. Nilijibu kama kitabu chenu kinavyosema. Baada ya kukata nilikaa nikaanza kuandika barua ya kuwaomba ninyi amri hiyo kwa maandishi. Nilikuwa nimefika kwenye maneno "Husika na" niliposikia watu wakipiga yowe upande wa shule.

Nakala ya ruhusa haikupotea. Ilikuwa ndani ya Biblia yangu, mahali ambapo nilijua hakuna atakayeitafuta ila mimi.

Unajua sababu ya mimi kuamini karatasi. Baba yetu alipoteza shamba la bondeni kwa ahadi ya mdomo, mbele ya mashahidi waliosahau. Niliapa kwamba hakuna mtu atakayeniondoa mahali kwa maneno matupu. Hiyo ni sababu. Haitoshi kuwa utetezi, na sikuitoa kama utetezi niliposimama mbele ya watu.

Maana nilisimama. Nilimwomba mwenyekiti wa kijiji aitishe dagashida, mkutano wetu wa jadi ambao hauandikwi. Walikuja watu wengi kuliko waliokuja siku ya kuwasha kituo. Nilipoinuka mikono mitupu, mzee mmoja wa nyuma alisema, "Katibu, leo karatasi imeliwa na mbuzi?" Watu wakacheka. Nikasema, "Leo sina karatasi. Aliyekataa kuzima swichi ni mimi, si Bernadeta. Nilimwacha abebe kosa langu miezi mitano, nikaliandika kwa mwandiko mzuri." Mama Ngosha, ambaye nilikuwa sijamwambia, alitazama kanga yake mpaka nilipoketi.

Mwenyekiti akasema, "Machibya, sisi tulitegemea mkono wako kwa sababu sisi hatuandiki. Ulipoandika uongo, ulituandikisha wote." Sijawahi kuambiwa neno lililojengwa vizuri kuliko hilo, na halikuandikwa popote mpaka sasa.

Wakanitoza mchenya, faini yetu ya jadi: fahali mmoja wa kuliwa na mkutano, na mbuzi wa kumpoza Bernadeta. Yeye akasimama. "Mbuzi abaki naye. Mimi nina maandazi. Nataka jina langu litoke kwenye ule muhtasari, na lake liingie pale pale lilipokuwa langu, kwa kalamu ile ile ya bluu."

Nimefanya hivyo. Muhtasari mpya umesomwa kwa sauti mbele ya watu wote, na nakala nimekuambatishia. Bernadeta amerudishiwa funguo za kituo. Alizipokea akaingia ndani kukagua betri, bila kunitazama. Alizikuta na vumbi, akalisema vumbi hilo kwa nguvu ili nisikie.

Nimetangulia. Sasa nangoja jibu lako.

Mjomba wako,
Machibya

*

Buhongwa,
22 Julai 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo mara mbili. Barua yako niliisoma kazini, nikaomba ruhusa ya dakika kumi. Mama nilimsomea jioni. Akasema, "Huyo ndiye kaka yangu. Yule mwingine simjui." Princess anauliza fahali alikuwa wa rangi gani.

Sasa zamu yangu.

Kibali cha majaribio yenu nilikisaini mimi. Oktoba mwaka jana maombi ya Igombya yalipita mezani kwangu, nikayakagua kwa haki, na yalistahili. Hilo nitalisema popote. Lakini fomu ina mstari unaouliza kama mkaguzi ana ndugu katika mradi. Niliuacha wazi. Mimi Shigela, wewe Luhende, hakuna ambaye angejua. Nilijiambia ni mstari tu. Kumbe nilikuwa natamani mno kuiona Igombya ikiwaka kwenye ramani yetu, na jina langu likiwa chini yake. Ndiyo maana nilikuandikia kwenye daftari. Nilikuwa nakubana wewe useme ukweli huku wangu nimeukalia.

Jumatatu nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamweleza yote, na la kitabu cha simu pia. Hakupiga kelele. Alinipa onyo, nalo limewekwa kwenye faili langu. Nami sasa nina barua yenye mhuri, Mjomba, tumelingana. Amesema shauri lenu nitaliendesha pamoja na Mhandisi Okech, tutasaini wawili, na neno la mwisho litakuwa la Okech. Ni mtu wa Mara, hana haraka, na hapendi maneno marefu. Nakuonya mapema.

Okech ameuliza swali moja tu: "Nini kitamzuia katibu mwingine, kijiji kingine, asifanye vile vile?" Nimefikiria mitambo, nimefikiria simu mbili, nimefikiria kanuni mpya. Sijapata jibu ambalo ningeliamini nikiwa mimi niko juu ya nguzo.

Nenda Buzuruga kwa Nkwabi. Usimpelekee barua.

Mwanao,
Rebeka

*

Ushirika wa Umeme wa Jua Igombya,
Ofisi ya Katibu,
18 Agosti 2025

Kumb. Na. UUJI/KAT/2025/19

Mhandisi Rebeka Shigela, na kupitia kwako Mhandisi Okech,
Mwanza.

Mpwa wangu, na Mhandisi mwenzake,

YAH: KUFULI LA FUNDI WA LAINI, NA OMBI LA UAMUZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Madhumuni ya barua hii ni mawili: kutoa taarifa ya safari yangu ya Buzuruga, na kuomba uamuzi wenu.

Kwanza salamu. Mama Ngosha anatembea bila fimbo na ameanza tena kuwasema waliochelewa. Fahali alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, mwambie Princess. Mhandisi Okech, nakusalimu ingawa hatujaonana. Nimeambiwa hupendi maneno marefu, nami nimeyafupisha kwa kadiri ya maumbile yangu.

Tarehe 2 Agosti nilivuka Busisi kwa daraja jipya. Nilizoea kungoja kivuko na kujipanga maneno njiani. Safari hii nilifika kabla sijayamaliza. Nkwabi nilimkuta barazani akimenya viazi, kisu mkono wa kulia, kiazi amekibana kwa vidole vitatu. Alinitambua.

"Shikamoo mzee. Umekuja na mhuri?"

"Marahaba. Nimeuacha ofisini."

"Basi karibu, kaa. Leo tutaongea bila mhuri." Akamwita mkewe: "Mama watoto, njoo umwone yule mzee wa maandishi! Si ulisema ungependa kumjua?"

Mkewe alitoka, akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani. "Huyu? Nilidhani ni mrefu," akasema, akarudi jikoni.

Nilimwomba radhi kwa mdomo. Nilikuwa na sentensi saba, nilisema mbili. Alimenya kiazi chote kabla ya kujibu.

"Mzee, vidole havirudi, kwa hiyo tusivizungumze. Nimerudi kazini mwezi huu, nipo chini kwenye vifaa, lakini nitapanda tena. Nikuulize. Siku nikirudi kwenye waya zenu, nitajuaje?"

"Nitaizima swichi mara moja. Naapa."

"Na ukiwa umelala? Ukiwa umekufa? Akiwa katibu mpya anayetaka kuwasha redio?"

"Tutaandika kwenye daftari la kituo."

"Mzee!" Alicheka mpaka mkewe akachungulia. "Umeme wako unajua kusoma?"

Ndipo akaniambia jambo ambalo ndilo kiini cha barua hii. "Mimi sihitaji barua yako, wala kiapo chako. Nahitaji kufuli langu mwenyewe kwenye swichi yako, na ufunguo uwe mfukoni mwangu nikiwa juu. Basi."

Rebeka, niliposikia hivyo nilikumbuka nyumbani kwa baba. Mama yako atakueleza kisima cha babu yako kilivyosafishwa kila mwisho wa kiangazi. Aliyeshuka chini alilaza kwanza fimbo yake, kukatiza mdomo wa kisima. Ikiwa pale, hakuna aliyechota, hakuna aliyesogeza jiwe, hata mgeni mwenye kiu alingoja. Hakuna aliyeuliza kwa amri ya nani. Fimbo ilitolewa na mkono mmoja tu, wa yule aliyepanda akiwa na matope. Nimeishi na desturi hiyo tangu utoto, na bado nilikaa hatua kumi na mbili kutoka kwenye swichi nikidai mhuri.

Nilirudi nikamweleza Bernadeta. Aliniambia, "Ungeniuliza tangu mwanzo ningekwambia, lakini ulikuwa unaandika." Fundi wa kuchomelea wa hapa kijijini alitengeneza mkono wa chuma unaoishika swichi kuu ikiwa imezimwa, wenye tundu la kufuli. Tundu ni pana kiasi cha kuingia makufuli manne, ili wakija mafundi wanne kila mmoja afunge lake, na swichi isiwashwe mpaka wa mwisho ashuke. Ufunguo wa akiba hatuna, kwa makusudi. Kufuli likiwa juu ya swichi, kituo hakijiwashi, wala mimi, wala mwenyekiti, wala mgeni wa serikali hawezi kukiwasha.

Tarehe 9 Agosti tulijaribu kwa umeme wa kijiji peke yake. Nkwabi alikuja mwenyewe, siku yake ya mapumziko. Alifunga kufuli, akaweka ufunguo mfukoni, akaenda kula samaki kwangu kwa saa mbili na nusu. Igombya yote ilikaa bila umeme. Mashine ya kusaga ilinyamaza na madebe ya mahindi yakapanga foleni. Hakuna aliyekuja kuligusa kufuli. Mwenye mashine alifika mpaka mlangoni pangu, akamwona Nkwabi bado anachambua kichwa cha sato, akasema, "Kula taratibu, ndugu yangu, mifupa hiyo," akarudi zake. Nimehudumu ofisi hii miaka minane, na sikuwahi kuona amri ikitiiwa kwa utulivu namna ile. Nilijivunia watu wangu kuliko siku ya kuwasha kituo.

Taarifa ya jaribio imeandikwa na Bi. Bernadeta Mayala, ambaye ndiye mwenye mamlaka juu ya swichi hiyo. Mwandiko wake haulingani na wangu, lakini vipimo vyake ni sahihi. Mimi nimejiondoa katika uendeshaji wa mtambo na nitabaki na kalamu tu, kwa muda ambao kijiji kitanivumilia.

Mhandisi Okech, uliuliza nini kitamzuia katibu mwingine. Hatuwezi kumdhamini katibu mwingine, na baada ya haya yaliyotokea hatudai kwamba katibu huyu adhaminiwe. Tunachokileta ni chuma, kufuli na ufunguo usiokaa kwetu. Mkiona inafaa, iandikeni iwe kanuni ya kila kijiji kitakachotoa jua lake kwenye gridi, na si lazima mtaje ilipotoka.

Paneli zetu ni safi. Betri zimekaguliwa. Jua la kiangazi ni kali na ziada yake ya mchana inapotea bila kumfikia mtu.

Tunaomba uamuzi wenu kabla ya tarehe 30 Septemba 2025: kituo cha Igombya kirejeshwe katika gridi, au kisirejeshwe.

Machibya Luhende,
Katibu.